Lenzi Ndefu Kuliko Ua Wetu

Ukiingia studio ya mpwa wangu Lunibha, hapa Patan, Nepali, nyuma ya soko la vyombo vya shaba, picha ya kwanza kukukodolea macho ni yangu mimi. Si ya bibi harusi, si ya mtoto aliyevishwa nguo za sherehe. Ni mimi, Asta Kaji, mdomo wazi kama mlango wa zizi, kidole juu, kofia imekaa upande, na viatu vyote viwili vinaonekana. Wateja huicheka, kisha hunigeukia mimi niliyekaa benchini nikifuta vumbi stendi ya kamera. "Mzee, huyu si wewe?" Huwa nawajibu kwamba ni pacha wangu, marehemu.

Sasa wazee wa mtaa wameniomba niandike jinsi Lunibha alivyoanza kazi yake. Nimekaa na kalamu siku tatu nikitafuta njia ya kuieleza habari hiyo bila kuigusa ile picha. Njia haipo. Basi na iwe.

Nianze na mimi, kwa maana siku zile kila habari ilianza na mimi. Nimesoma mpaka darasa la sita. La saba lilinikataa mara mbili, nikawaachia wenye shida nalo. Lakini maneno ninayo, sura ninayo, na katika ukoo wetu mzima ni mimi peke yangu niliyewahi kufanya kazi na kamera. Nilikuwa na namna yangu ya kuanza: "Nilipokuwa mpiga picha wa Wajerumani kule milimani..." Wajerumani walikuwepo kweli. Milima ilikuwepo, bado ipo. Kamera zilikuwepo. Kazi yangu mimi ilikuwa kubeba stendi ya miguu mitatu, kwa siku tatu, na siku ya nne nikashikwa na tumbo wakanirudisha. Lakini habari ikikaa miaka kumi na mitano kinywani mwa mtu kama mimi, huota ndevu. Nyumbani walishaizoea. Nikianza tu, kaka yangu Hera Kaji hunimalizia: "...na mlima ukasimama wima, ukafunga kifungo cha shati, ili apigwe vizuri." Nyumba nzima inacheka, na mimi nacheka nao.

Mtu mmoja tu hakuwa akicheka. Lunibha, binti wa dada yangu Keshari. Alikuwa msichana mkimya mwenye macho yasiyochoka. Ukimpa kikombe cha chai, kwanza atakisogeza mpaka mahali mwanga unapoupata mvuke, aangalie, ndipo anywe, chai imeshapoa. Aliniuliza mambo.

"Mjomba, wale Wajerumani walikuwa wakingoja mwanga wa saa ngapi?"

"Saa zote, mwanangu. Fundi hachagui saa."

Akaandika kwenye daftari. Naomba muelewe: alikuwa akiyaandika! Nikilikumbuka daftari lile lenye jalada la kijani, mpaka leo masikio yangu hupata moto.

Mwaka alioshinda mtihani wa mwisho wa shule, ule ambao watu huuita lango la chuma, ikawa zamu yangu kutoa. Kwetu mjomba ndiye mwenye mkono. Mtoto wa dada akinyolewa, mjomba, akivishwa, mjomba, akifaulu, mjomba. Na zawadi ya mjomba haifunguliwi kimyakimya chumbani. Hupitishwa mkono kwa mkono, shangazi, mama wakubwa, mama wadogo, wote wanaipima uzito bila haya. Ikiwa nyepesi utaisikia mwaka mzima. Mjomba mmoja wa mtaa wa pili alitoa saa ndogo ya mkononi, nzuri tu, na mpaka maiti yake inachomwa kando ya mto walikuwa wakimwita Mjomba Dakika.

Nikatangaza mbele ya wote: "Mimi nitamnunulia kamera. Nani hapa anayezijua kamera kama mimi?"

Na mwezi uleule mama yangu mzazi, Thakumaya, alikuwa anatimiza miaka sabini na saba, miezi saba na siku saba. Mzee wetu akifika hapo humfanyia janku: tunamvisha, tunampandisha juu ya gari la mbao lililopambwa maua, wana na wajukuu wanalivuta kwa kamba mtaani, na tangu siku hiyo huhesabiwa karibu na miungu. Saa ya kumpandisha hupangwa na mtazama nyota. Haiwahishwi, haicheleweshwi, na hairudiwi. Kaka alishampata mpiga picha wa barabara kuu. Nikamwambia amfute.

"Mfute, kaka! Tuna wetu wa damu. Lunibha atapiga, na nyuma yake nimesimama mimi."

"Ndiyo maana naogopa," akasema Hera Kaji. "Hapo pa nyuma yake."

Baba yake Lunibha, shemeji yangu Gyan Ratna, ni mfua shaba. Ni mtu wa maneno machache, na hayo machache ni mazito kama masufuria yake. Alikuwa ameshapanga binti akae kwenye duka la nyuzi la shangazi yake. Alifikiri kidogo akasema, "Sawa. Picha za bibi zikitoka vizuri, aendelee na kamera yake, sitamzuia. Zisipotoka, Jumapili inayofuata anaenda dukani kwa shangazi, na habari ya kamera nisiisikie tena."

"Shemeji, zisipotoka nikate masikio."

"Masikio yako nitayafanyia nini?"

Keshari akacheka, mimi nikacheka, Lunibha hakucheka. Aliniangalia mimi. Alinitazama kama mtu anayetazama daraja kabla ya kulikanyaga, akaamua kwamba litamchukua.

Basi tukavuka mto kwenda Kathmandu, mimi na yeye, kwenye duka la kamera zilizokwisha kutumika. Mwenye duka alikuwa mtu mnene mwenye miwani mbili, moja machoni, moja utosini. Lunibha alikuwa na akiba yake, fedha za masweta aliyofuma majira mawili ya baridi, kaifunga kwenye leso. Mimi nilikuwa na yangu. Na alikuwa na daftari. Alikwisha kuulizia, alikwisha kusoma gazeti la mwalimu wake, alijua anachokitaka. Akaionyesha kamera moja ndogo nyeusi, pembeni imechubuka rangi, yenye lenzi fupi kama kifuniko cha chupa ya chai.

"Lenzi hii inaona kama jicho linavyoona, Mjomba," akaniambia polepole. "Wanasema anayeanza aanze na hii. Na ni nyepesi, naweza kuivaa shingoni kutwa."

Akaiweka jichoni. Akarudi hatua mbili nyuma, akaniangalia kupitia mle, na mabega yake yakashuka. Niliyaona mabega yakishuka. Kama mtu aliyefika kwao akavua viatu. Niliona kwa macho yangu haya, nikasema nini? Nikasema:

"Ka-nini haka? Kisanduku cha kiberiti! Nikikupa hiki mbele ya shangazi zako wataniambia nimekuletea bati la ugoro."

Mwenye duka akanipima kwa miwani ya kwanza, akashusha ya pili akanipima tena. "Mzee anaonekana mtu wa kazi hizi."

"Wajerumani," nikasema. "Milimani."

"Aaa! Basi kwa nini tunapotezeana wakati?" Akainama chini ya meza, akatoka na kamera kubwa kama tofali, na mbele yake lenzi ndefu kama pumbu la fahali... Keshari akisoma hapa ataniambia nifute. Basi ndefu kama mkono wangu kutoka kiwiko mpaka ngumi. Ilikuwa na vumbi. Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini kitu kizuri namna ile kina vumbi. Mimi nilipuliza vumbi.

"Lenzi ya ngapi unapenda kwa kawaida, mzee?" akauliza.

Sikujua lenzi zina namba. "Ya hivi hivi," nikajibu, nikatikisa kichwa kwa uzito.

Tukatoka nayo mlangoni. Nikaielekeza mbali kabisa, kwenye mnara mweupe wa Dharahara, na ndani ya kile kitundu nikamwona njiwa kwenye roshani ya juu, nikaliona mpaka jicho lake jekundu. Nikapiga kelele. "Lunibha! Njoo umwone njiwa! Hata kope zake!" Watu wakasimama njiani kutazama, nikawapa nao wamwone njiwa. Lunibha akaitazama, akaishusha kwa mikono miwili kwa sababu mmoja haukutosha.

"Ni nzuri, Mjomba. Lakini... na mtu aliye karibu?"

"Anayeona mbali atashindwa na karibu?"

Wahenga wa Kiswahili walisema ukubwa wa pua si wingi wa kamasi. Siku ile nilikuwa nao lakini sikuwasikiliza. Fedha zangu zikaenda na leso ya Lunibha ikaenda. Nyumbani wanawake wakaipitisha mkono kwa mkono. Shangazi mmoja karibu aiangushe kwa uzito. "Eee, huyu sasa ni mjomba!" Nililala kama mfalme.

Siku zilizofuata nilimwona Lunibha akizungukazunguka uani kwetu, unyayo kwa unyayo, kisigino kwa vidole, akipima. Ua wetu, kwa asiyeujua, umezungukwa na nyumba pande nne na una upana wa hatua kumi na mbili; ukitoa kisima na kile kihekalu kidogo, zinabaki tisa. Akaja kuniuliza nilipokuwa nikiota jua.

"Mjomba, wale Wajerumani wakiwa mahali pembamba, na lenzi ndefu kama hii, walikuwa wakifanyaje?"

Siku hizi najua alikuwa akinifungulia mlango. Alishajua. Mtoto aliyefuma masweta majira mawili ya baridi alishajua kwamba kwa lenzi ile, akisimama uani na watu wamejaa, atampata bibi yake kipande cha pua. Alinifungulia mlango wa nyuma nitoke bila kuonekana: niseme tu, "Mwanangu, tuirudishe." Nami nikaufunga.

"Walisogea mbele," nikasema. "Mpiga picha mwoga ndiye husimama mbali."

Akainamisha kichwa. Safari hii hakuandika.

Siku ya janku ikafika. Ua ulijaa mpaka kwenye ngazi. Gari la mbao limesimama katikati, kamba zake mbili nyeupe zimelazwa chini, mama yuko ndani anavishwa, kuhani anaangalia saa yake na mtazama nyota anaangalia ya kwake, zinatofautiana dakika nne, wanagombana kwa adabu. Mimi nilivaa kofia mpya na koti la kisibau. Nilikuwa nikipita katikati ya wageni nikisema, "Mpiga picha wetu yupo. Nimemfundisha mwenyewe." Wakauliza, "Yuko wapi?" Nikatazama. Hayupo mbele ya gari. Hayupo kwenye ngazi.

"Asta Kaji," akaita kaka yangu kwa furaha mbaya, "tazama juu!"

Dirisha la orofa ya pili, upande wa pili wa ua, ni la mjane mmoja aitwaye Chirimaya. Mimi na Chirimaya tulikuwa hatujasemeshana miaka sita. Nilisema kwenye karamu ya watu kwamba pombe yake ya aila ni maji ya kuoshea mchele, na naye akasema mbele ya karamu ileile kwamba ndiyo maana nimekunywa vikombe tisa nikaosha tumbo. Tangu hapo nikiingia uani yeye hufunga dirisha. Sasa dirisha lilikuwa wazi, Chirimaya amekaa kando akitafuna karafuu, na katikati yake, lenzi ndefu imelazwa juu ya mto wa kulalia kwenye kizingiti, jicho moja limefumbwa, ametulia kama jiwe la kisima: mpwa wangu.

"Umemkodishia Chirimaya mpiga picha?" mtu akauliza, watu wakacheka.

Damu ikanipanda. Nikapita mbele ya gari tupu, nikanyoosha kidole.

"Shuka! Wewe! Shuka hapo! Ndiyo kazi niliyokufundisha hiyo, kujificha kwenye madirisha ya watu?"

Niliusikia mlio mdogo wa kamera, kla. Sikuujali.

"Mjomba, tafadhali, ni hapa tu panapo..."

"Usinijibu mbele za watu!"

Na kwa kuwa hakushuka upesi, mimi, mtu mzima, nikapanda ngazi za Chirimaya nilizokuwa nimeapa kutozikanyaga, nikamshika mkono, nikamshusha. Chirimaya alisema jambo moja tu nilipopita: "Mwache mtoto, anaona." Sikumwacha. Nikamsukuma mpaka mbele ya gari, hatua tatu kutoka kwa bibi yake, mahali ambapo kila mtu angetuona, yeye na kamera yake kubwa na mimi nyuma yake. Saa zote mbili zikakubaliana. Mama akatolewa, mdogo kama ndege ndani ya mavazi yale mekundu, akapandishwa. Mchele uliokaangwa ukarushwa, maua yakarushwa, wajukuu wakashika kamba. Lunibha akainua lile tofali, mikono ikitetemeka. Nilimsikia akivuta pumzi, kla, kla, kla. Anarudi nyuma hatua, anagonga kifua changu. Anarudi tena, anagonga tena. Nilikuwa nimesimama pale pale alipopahitaji.

Picha nilikwenda kuzichukua mimi mwenyewe zilipokwisha kusafishwa, ili niwe wa kwanza. Nikafungua bahasha nikiwa bado barabarani. Nikaona sikio. Sikio la mama na kipuli. Picha iliyofuata, pua na nusu ya jicho, nayo imetikisika. Mkono wa kuhani. Ua la manjano kubwa kama sahani. Kidevu. Zilikuwa picha thelathini na sita, na mama yangu hakuwa mzima hata katika moja. Na katikati yake, kama kitu kilichotoka kwenye filamu ya mtu mwingine, picha moja kamili, yenye makali ya wembe: gari la mbao na maua yake likiwa tupu, kamba mbili nyeupe zikinyooka chini kuelekea kwa mtu mmoja aliyesimama peke yake, kofia upande, kidole juu, mdomo wazi. Hata jino langu lililokatika lilionekana. Hata vifungo vya kisibau, vitano. Kila kitu kilikuwa mahali pake, ila mtu yule.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo nimelizunguka siku zote hizi tatu za kuandika. Nilielewa. Niseme wazi, nilielewa palepale barabarani, mimi wa darasa la sita: msichana yule alijua asimame wapi. Angeachwa dakika kumi zaidi dirishani, mahali pangu kwenye picha ile angekuwapo mama. Picha ile ndiyo iliyokuwa shahidi wake pekee. Nikaitoa kwenye bahasha, nikaitia kwenye mfuko wa ndani wa kisibau, nikafunga kifungo.

Jioni ile bahasha ikapitishwa mkono kwa mkono. Mama mwenyewe akashika ile ya sikio, akaigeuza nyuma, akauliza, "Na mimi mwingine yuko wapi?" Dada yangu akaanza kulia. Gyan Ratna akazipanga picha zote vizuri, akazirudisha ndani. "Tulikubaliana," akasema. Lunibha alikuwa amezihesabu kwa macho zilipokuwa zikipita. Nilimwona akizihesabu. Alijua ziliingia ngapi na zimetoka ngapi. Akanitazama mara moja, kisha akatazama chini.

"Ndiyo, Baba," akasema.

Nami? Nilisema, "Ah, basi, mwanzo mgumu, siku hizi hata filamu ni mbovu." Hayo ndiyo niliyoyasema.

Jumapili akaanza duka la nyuzi. Duka lenyewe liko njiani ninapopita kwenda kunywa chai, na njia nyingine ya chai hakuna; niliitafuta. Kila asubuhi nilimkuta kati ya mafundo ya nyuzi nyekundu na za samawati, na kila asubuhi aliinuka kwa heshima akanisalimia kama tunavyosalimiana sisi:

"Mjomba, umekula?"

"Nimekula, mwanangu."

Sikuwa nimekula. Angenitukana ningepona. Angegeuza uso ningekasirika, na mtu mwenye hasira hujikuta amesamehewa. Yeye aliuliza kama nimekula. Na nyumbani, kwa kuwa mama sasa ameshapanda gari la heshima, ilinipasa kila asubuhi kuinama na kuweka paji la uso miguuni pake. Na kila nikiinama, kona ya ile picha inanichoma chini ya titi. Siku ya sita mama akasema, "Wewe, mbona unalia kama karatasi? Una kitu kifuani?"

"Ni mfupa, mama. Uzee."

"Uzee wako unalia kama bahasha."

Jumamosi tukala pamoja, ukoo wote, tumeketi kwenye majamvi kwa kufuata umri kama ilivyo desturi, mchele bapa na nyama ya nyati mbele yetu. Lunibha ndiye aliyekuwa akimimina aila, analishika birika juu kabisa ya kichwa na uzi mwembamba wa pombe unashuka mpaka kikombeni bila tone kumwagika. Akafika kwangu. Akamimina. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo, na mimi nikaukumbuka ulivyotetemeka uani nilipokuwa nyuma yake. Kikombe kilipojaa akauliza kwa sauti ndogo, "Mjomba, mbona huli?"

Nikafungua kifungo. Nikaitoa picha, imeshika joto na jasho langu, kona moja imekunjika, nikampa shemeji yangu mbele ya wote.

"Hii ilikuwemo," nikasema. "Niliiiba."

Gyan Ratna akafuta mikono, akaishika kwa kingo. Aliitazama kama anavyotazama sufuria la mtu mwingine, akitafuta pa kugonga. Muda mrefu. Kaka yangu akachungulia, nikangoja acheke. Hakucheka.

"Hapa hakuna kilichokatwa," akasema shemeji mwishowe. Akamgeukia binti yake. "Ulikuwa wapi ulipopiga hii?"

"Dirishani kwa mama Chirimaya, Baba. Kabla ya Mjomba kunishusha."

"Ungekaa pale ungempata bibi?"

"Ningempata."

"Mbona hukusema?"

Lunibha alikuwa bado ameshika birika. "Kamera alinipa Mjomba," akasema.

Basi nikasema yaliyobaki, kwa sababu ukishaanza kumwagika humwagiki nusu. Nikasema kwamba alichagua kamera nyingine, iliyomfaa, na mimi nikaiita kisanduku cha kiberiti. Nikasema sijui lenzi zina namba gani. Nikasema sijawahi kumpigia Mjerumani picha hata ya kondoo. Nilibeba stendi, siku tatu, halafu tumbo. Nilikuwa nimezoea kuchekwa ninaposema uongo. Sasa nasema kweli na jamvi zima wanatafuna polepole, wanaangalia majani ya kulia chakula. Nilitamani mtu acheke. Ningelipa mtu acheke. Mama ndiye aliyenyoosha mkono. Akaomba picha, akaiweka karibu na jicho lake zuri.

"Gari langu limependeza," akasema. "Ila wamempandisha mbele yake mtu gani huyu?"

Gyan Ratna hakutoa hukumu ndefu. Alimwambia binti yake amalize mwezi mmoja dukani kwa shangazi, kwa kuwa neno ni neno, kisha afanye atakavyo. Mimi aliniambia nirudishe lile tofali.

Tulikwenda tena sisi wawili. Safari hii mimi nilibaki nje ya duka kwenye ngazi, nimeshika mwavuli wake. Nilimsikia mwenye duka akiuliza, "Na mzee wa Wajerumani yuko wapi?" na Lunibha akajibu, "Ananingoja." Ile kamera ndogo aliyoipenda ilikuwa imeshauzwa. Akachukua nyingine ya aina ileile, imebonyea kichwani kama bakuli lililoanguka, yenye lenzi fupi iliyokwaruzwa. Akaitoa mlangoni, akaiweka jichoni, akarudi hatua mbili. Mabega yakashuka. Sikufungua mdomo.

Ameipigia kazi miaka tisa kabla ya kununua nyingine. Amepiga janku za wazee zaidi ya mia mbili katika mitaa yetu, na kabla ya kila moja hufika siku tatu mbele, anapima ua unyayo kwa unyayo, anagonga mlango wa mwenye dirisha na kuomba. Mimi hubeba stendi. Tukifika kwenye ua wetu hubeba mpaka ngazi za Chirimaya, naye hunipa kikombe kimoja cha aila bila kusema neno, na mimi nakunywa bila kusema neno. Ni nzuri, ile aila. Ilikuwa nzuri tangu mwanzo.

Nyumba nyingine za mtaa wetu zina ukutani picha ya mzee wao juu ya gari la maua. Yetu haina, wala haitakuwa nayo. Mama aliondoka duniani mwaka wa tatu baada ya janku, na saa ile hairudiwi. Tuliyonayo aliipiga Lunibha kwa ile kamera iliyobonyea, siku ya kwanza kuwa nayo: bibi yake mlangoni, nguo za kawaida, anamenya vitunguu saumu, amecheka mpaka macho yamepotea. Yuko mzima, kutoka kitambaa cha kichwa mpaka vidole vya miguu. Pembeni kabisa kuna shuka jeupe lililoshikwa juu ili kumrudishia mwanga usoni, na chini ya shuka, kama ukitazama vizuri, kuna kiwiko cha mtu. Hakuna aliyewahi kuniuliza ni cha nani.